Siku Niliyomsomea Mtani wa Baba

Ilianza Ijumaa, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu dada alinipa makaratasi ya kazi yake ya chuo huku anaangalia simu yake.

"Saa tatu na ishirini hii. Mwalimu anafika saa tano. Kimbia steshenari, toa kopi sita, na usiyakunje."

Dada si wa tumbo moja na mimi. Ni mtoto wa mama mkubwa, alitoka Kilimanjaro alipopata chuo, na tangu hapo tunalala chumba kimoja. Yuko mwaka wa kwanza, anasoma anthropolojia. Watu wa mtaani kwetu wakimuuliza ndiyo nini hiyo, anajibu, "Ni kusoma watu." Fundi wa kutengeneza cherehani anayekaa barazani mwa duka letu alicheka siku alipolisikia jibu hilo. "Watu wanasomeka? Mimi huyu shemeji yangu namsoma mwaka wa ishirini huu, sijafika hata ukurasa wa tatu." Shemeji ni mama yangu, mke wa rafiki yake.

Siku hiyo mwalimu wao alikuwa anakuja Kariakoo na kikundi cha wanafunzi sita. Kila mmoja alishapewa kazi ya kukaa mahali pamoja, kutazama watu, kuandika alichokiona, halafu kukieleza kwa nadharia. Mahali pa dada palikuwa dukani kwetu. Tunauza vifungo, zipu, nyuzi na lesi. Lilikuwa duka la baba. Mimi nilikuwa likizo ya Juni, kidato cha tatu, kwa hiyo nilikuwa nashinda pale pale, nyuma ya roli za lesi, mahali ambapo mteja akiingia hanioni. Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni nikiulizwa swali ninalolijua, natazama dawati mpaka mwalimu achoke.

Steshenari kulikuwa na foleni. Nikaanza kusoma, si kwa umbea, ni kwamba sikuwa na pa kuweka macho. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa utani: kwamba kuna makabila yanayotaniana tangu enzi za mababu, kwamba mtani anaweza kukutukana na usikasirike, kwamba kwenye msiba mtani ana kazi zake. Dada aliandika kwamba kila desturi ina kazi, kama kiungo mwilini. Maneno mazuri. Nikafungua ukurasa wa pili.

"Mtoa taarifa, msichana wa miaka kumi na sita, mtoto wa marehemu, anasema hivi."

Chini yake yalikuwa maneno yangu. Hayakuwa ya mdomoni, maana mdomoni sijawahi kumwambia mtu yeyote. Yalikuwa ya daftari langu, lile ninaloliweka chini ya godoro, upande wa ukutani.

"Leo tumemzika baba. Fundi alivaa koti la baba la kahawia. Akatembea kama baba, anaburuza mguu wa kushoto. Halafu akakaa ukingoni mwa kaburi, akasema hatoki mpaka alipwe. Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Namchukia. Natamani yeye ndiye angeingia mle, baba atoke."

Neno kwa neno. Hata pale nilipokuwa nimekosea kuandika alikuwa amenisahihisha.

Yule kaka wa mashine akasema, "Sista, kopi ngapi?" Nikampa karatasi zote, isipokuwa ile ya pili. Niliikunja mara nne, nikaiingiza kwenye soksi.

Nieleze kidogo. Baba alikuwa mtu wa Songea. Fundi ni mtu wa Tabora, na watu wa huko na wa kwetu ni watani. Kwa hiyo kila asubuhi ya maisha yangu niliwasikia wakiitana watumwa, kila mmoja akidai babu yake ndiye aliyemnunua babu wa mwenzake. Baba alipofariki, fundi ndiye aliyesimamia kila kitu pale msibani, na yeye ndiye aliyefanya yale makaburini. Upande wa mama sijawahi kuona mtu akifanya hivyo. Shangazi aliniambia ndiyo desturi, mtani lazima. Mimi nilichoona ni koti. Tangu siku ile ni miezi kumi na moja, sijampa fundi shikamoo hata mara moja. Kila mtu alidhani ni aibu zangu. Nilidhani hata yeye anadhani hivyo, maana alinipa jina, Bubu wa Songea. Na kila asubuhi yeye ndiye anayefika wa kwanza na kutuinulia ule mlango wa chuma wa kukunja, ambao baba alikuwa akiuinua kwa mkono mmoja, lakini mimi na mama kwa mikono minne hautaki.

Niliporudi nilimvuta dada stoo.

"Umesoma daftari langu."

Hakukataa. Alishtuka kidogo, akashusha sauti. "Mdogo wangu, wiki ile ya kutazama watu nilikuwa na homa, unakumbuka? Sikuweza kutazama chochote. Na wewe umeandika vizuri, mimi mwenyewe nililia. Halafu sijaweka jina lako, wala la fundi. Nimeandika tu 'fundi wa cherehani barazani'."

"Barazani kwetu kuna mafundi wangapi?"

Akaurudisha mlango wa stoo.

"Sasa si unampa mwalimu tu?" nikasema, nikijipa moyo. "Mwalimu hamjui fundi."

Hapo ndipo dada alipokaa juu ya boksi la nyuzi. Mwalimu wao, alisema, ana sharti lake. Ukiandika habari za mtu, unamsomea mwenyewe, uso kwa uso, kabla hujapewa maksi. Leo hawaji kukusanya kazi. Wanakuja kusoma. Mbele ya mama. Mbele ya fundi.

"Kipande chako nitakiruka," akasema. Lakini alikuwa anatazama pembeni, na bila kile kipande hakuwa na kazi. Tulilijua wote wawili.

Walifika saa tano kamili, wamekunja mabega wakipishana na mikokoteni. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, raba miguuni, mkoba begani. Wanafunzi wakaamkia kwa mpigo, "Shikamoo mama, shikamoo fundi," na fundi akaitikia, "Marahaba, marahaba, karibuni mtusome, ila mimi nina maandishi madogo."

Mwalimu akaomba kifungo kimoja. Mama akampa chekundu, kikubwa, cha koti. Akakiinua.

"Nadharia msiiogope. Ni namna ya kuuliza tu. Mmoja atakitazama hiki aulize, kinashika nini? Kikitoka, nini kinafunguka? Huyo anatafuta kazi ya kitu. Wa pili atauliza, kwa nini chekundu, na mtu anayekivaa anataka kusema nini? Huyo anatafuta maana. Wa tatu atauliza, kimetengenezwa wapi, nani amekibeba mgongoni mpaka hapa, na faida imekwenda kwa nani? Kifungo ni kile kile. Shida inaanza pale unapodhani swali lako ndilo pekee."

Fundi akadakia, "Na wa nne atauliza bei, halafu aondoke bila kununua. Hao ndio wengi." Wanafunzi wakaangua kicheko. Hata mama.

Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu dakika. Ijumaa fundi hufunga vitu vyake saa sita na robo kwenda msikitini. Nikisogeza muda mpaka hapo, watasoma wakati hayupo, atabaki mama peke yake, na mama ningejua namna ya kumkabili. Kwa hiyo nikajitolea kupika chai, mimi ambaye sijitolei. Nikachelewesha maji. Nikasahau sukari makusudi, nikaenda kuinunua. Nikarudi, wengine wawili wakawa wameshasoma: mmoja kuhusu wapiga debe, mwingine kuhusu namna wenye maduka wanavyopeana wateja. Saa tano na dakika hamsini. Bado ishirini na tano.

"Tuje kwa mwenyeji wetu sasa," akasema mwalimu.

Dada akainuka. Akafungua kopi yake, akasoma ukurasa wa kwanza vizuri. Fundi alikuwa ameinamia cherehani ya mteja, bisibisi mkononi, lakini bisibisi haikuzunguka. Alikuwa anasikiliza. Dada akafunua, akakuta ukurasa wa tatu. Akanitazama. Kwa nukta moja nilifikiri tumepona.

"Samahani, kopi imeruka ukurasa," akasema mwanafunzi mmoja mwenye miwani. "Lakini ulinitumia kwenye simu, dada. Ninao hapa." Akamsogezea simu. Roho nzuri kabisa, Mungu amsamehe.

Dada akaishika. "Mtoa taarifa, msichana wa miaka kumi na sita, mtoto wa marehemu..." Hapo akaacha kusoma.

Mama akaacha kufunga kifurushi. Fundi akainua kichwa.

"Hebu," akasema mwalimu. "Huyo mtoa taarifa amekubali kusomwa?"

"Ni mdogo wangu, mwalimu. Tunaishi wote."

"Hilo silo nililouliza." Akatazama huku na huku mpaka akaniona na sinia la vikombe. "Ni wewe? Umekubali?"

Nikisema ndiyo, yanasomwa. Nikisema hapana, kila mtu pale anajua kuna kitu, na mama hataacha kuuliza mpaka akijue. Nikasema, "Hapana."

Sijui kama kuna mtu aliwahi kunisikia nikisema neno hilo kwa sauti. Dada akazima simu. Mwalimu akamwambia taratibu, mbele ya wote, "Hapo hukutazama watu. Umefungua sanduku la mtu." Dada akainamisha kichwa, machozi yakaanza, na nikamwonea huruma nikiwa bado nina hasira naye.

Ingeishia hapo. Ni fundi aliyekataa.

"Aliyesemwa hapo ni mimi, siyo?" Akajipangusa mafuta kwa kitambaa. "Makaburini tulikuwa wengi, lakini mtani nilikuwa mmoja. Sasa Bubu, nakuuliza wewe mwenyewe. Umenitukana?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Vizuri?"

Wanafunzi wakacheka kidogo, wakaacha.

"Basi soma. Wewe ni mtoto wa mtumwa wangu, ukinitukana ni haki yako na mimi kukasirika ni marufuku. Ndiyo sharti la utani. Tusi la mtani halilazwi ndani. Soma."

Mama akasema, "Shemeji, mwache mtoto." Yeye akasema, "Nimemwacha miezi kumi na moja, shemeji."

Kumbe alikuwa anahesabu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kudhani ni aibu.

Nikaweka sinia chini. Nikainama, nikatoa karatasi kwenye soksi, wakaniona wote, nikaikunjua. Ilikuwa imelowa jasho. Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya chini mpaka mpiga debe wa ng'ambo akanifunika mara mbili, ikabidi nirudie. Nilipofika kwenye koti, mama akashika meza. Nilipofika "Mama naye akacheka," sikumtazama. Na mwisho nikasoma ule mwisho. Natamani yeye ndiye angeingia mle, baba atoke.

Fundi alikuwa wa kwanza kusema. "Baba yako angenitukana vibaya kuliko hivyo. Huyu bado mwanafunzi." Akacheka. Wanafunzi wakapumua, wakacheka naye. Halafu akafunga boksi lake, akavaa kofia, akasema Ijumaa haimsubiri mtu, akaenda. Saa ya dukani ilikuwa inasema saa sita na dakika mbili.

Yule mwenye miwani akaanza kuandika haraka. "Mwalimu, hii imethibitisha nadharia. Utani umeondoa mgogoro. Kazi yake ndiyo hiyo."

"Una hakika?" Mwalimu alikuwa anatazama chini ya kiti cha fundi. "Fundi ameacha bisibisi yake. Fundi gani anaacha bisibisi?"

Yule mwenye miwani akaacha kuandika.

"Andikeni mlichokiona," akasema. "Kicheko andikeni. Na bisibisi andikeni. Msichague kimoja kwa sababu kinakaa vizuri kwenye nadharia."

Wakaondoka. Fundi hakurudi baada ya swala. Saa nane, saa tisa, mteja wa cherehani akaja akauliza, mama akamwambia kesho. Mtu wa kwenda mtaa wa Gerezani kufuata vipuri anaweza kuchelewa, mama alisema, kama vile nimemuuliza. Dada alijilaza chumbani amejifunika shuka mpaka kichwani.

Tulipokuwa tunafunga, mama na mimi, tukining'inia kwenye ule mlango wa chuma kuushusha, mama ndipo aliposema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulicheka."

"Nilicheka." Akakaa juu ya ngazi. "Nilikuwa nimekaa siku nne na watu wananiambia pole, pole, na nikifumba macho simwoni baba yako. Namwona yule wa hospitali tu, aliyekonda. Halafu fundi akaja na lile koti, akatembea. Akaweka mkono hivi, juu ya macho, kama anatazama kibao cha duka. Mwanangu, nilicheka kwa sababu alikuwa yeye. Alipatia. Nilimwona."

Mimi siku ile nililitazama koti tu. Miguu ilipoanza kutembea nilifumba macho. Hata kwenye daftari, ule mguu wa kushoto niliuandika kwa kuwasikia watu wakisema.

"Atarudi?" nikauliza.

"Sijui. Sharti linamkataza kukasirika. Halimkatazi kuumia."

Asubuhi, Jumamosi, tulifika saa moja na nusu na mlango ulikuwa chini. Fundi hakuwepo. Mama alisimama akautazama ule mlango kama mtu aliyefika nyumba siyo. Dada alikuwa amekuja nasi, macho yamevimba. Tukainua watatu, tukakwama magotini, mbeba mizigo mmoja akatusaidia akipita. Nikatoa kiti cha fundi nje, kile kifupi cha ngozi ya mbuzi, nikakiweka mahali pake. Nikachukua bisibisi. Halafu nikakaa juu ya kiti chake, nikaanza kungoja.

Saa mbili. Saa mbili na nusu. Watu walinitazama, msichana wa nyuma ya lesi amekaa barazani mbele za watu, na masikio yaliniwaka moto. Niliapa nikihesabu mikokoteni hamsini na hajafika, nitaingia ndani. Nikahesabu hamsini. Nikaanza upya.

Alitokea upande wa Gerezani, boksi begani, anatembea polepole. Aliponiona akasimama hatua tatu mbali.

"Shikamoo," nikasema.

Akamgeukia muuza soksi wa jirani. "Umesikia kitu wewe? Mimi nimesikia kama mtu wa Songea anaongea."

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa ya chini, si ya mzaha. "Nipishe, nina kazi za watu."

"Sitoki."

"Hutoki?"

"Sitoki mpaka nilipwe." Nilishika bisibisi kwa mikono miwili. "Hata wewe ulikaa. Tukakulipa ndiyo ukatoka."

Muuza soksi akapiga makofi ya furaha. "Fundi, umepatikana leo!"

Fundi akatua boksi chini.

"Mtumwa wangu anadai nini?"

"Tembea kama baba."

Mama alikuwa ametoka mlangoni na ufagio. Fundi akavua kofia, akaivaa tena upande, kama baba alivyokuwa akiivaa yake. Akarudi nyuma mpaka kwenye kona ya jengo, akageuka. Akaanza kuja, mguu wa kushoto ukiburuzwa kidogo, kidole cha kati kikigusa ukuta kila baada ya hatua, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Mbele ya duka akasimama, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kibao chetu juu kana kwamba mtu anaweza kukiiba.

Safari hii sikufumba macho. Nilitazama mpaka akamaliza. Kisha nikainuka, nikampa bisibisi yake, nikampisha kiti.